Soma Namba kwa Sauti

Ipo siku moja, mwanangu, ninayoikumbuka kwa harufu ya kahawa ya tangawizi na kwa sauti ya wanawake waliokuwa wakisoma namba kana kwamba wanaitikia sala. Usicheke ninapokuita mwanangu. Najua umri wangu hautoshi kukuzaa, na kichwani sina hata unywele mmoja wa mvi. Lakini katika ofisi yetu hii ya Hai Amarat, hapa Juba, aliyekufundisha kushika bisibisi ni mzazi wako, na mimi nimekushikisha bisibisi wiki ya tatu sasa. Kesho unakwenda kazini peke yako kwa mara ya kwanza. Basi kaa, kunywa kahawa yako, nikueleze.

Nilipoajiriwa na kampuni hii nilikuwa nimerudi kutoka Kenya, nilikokulia na kusomea, nikiwa na shahada ya kompyuta na imani kubwa kwamba nchi yetu itajengwa na watu watakaofanya kazi yao vizuri hata pasipo msimamizi. Imani hiyo bado ninayo, wala siionei haya. Nilifurahi kupita kiasi. Mpaka leo hakuna harufu ninayoipenda kama ya sanduku jipya linapofunguliwa: sponji, plastiki, na chuma ambacho hakijaguswa na vumbi la Juba. Nilipenda kujua kwamba asubuhi ileile, katika nchi nisizowahi kufika, kulikuwa na vijana waliovaa fulana kama yangu, wakifungua sanduku kama langu, wakifuata kitabu kilekile cha maelekezo. Mama yangu, kule New Site, aliniomba nivae kitambulisho cha kampuni kanisani. Nilikivaa. Nilikivaa Jumapili mbili.

Aliyenipokea kazini alikuwa Mganda mmoja mtu mzima, jina lake Opio, ambaye sote tulimwita Mwalimu. Alikuwa amefungua mashine nyingi kuliko idadi ya siku nilizokuwa nimekaa chuoni. Naye alikuwa na desturi moja iliyonikera. Kabla ya kuchomoa kifaa chochote, alisoma namba yake kwa sauti, tarakimu baada ya tarakimu, kisha akasubiri mwenzake aisome namba hiyohiyo kutoka kwenye karatasi ya kazi. Hakuisoma tu, aliiimba, kama padri anavyoimba altareni, na mwenzake alipaswa kuitikia. Ukiwa peke yako, ulipaswa kumpigia simu yeye, muimbe pamoja.

Siku moja nilimwambia kwamba mimi nina macho mazuri na sihitaji nyimbo.

"Binti," akanijibu, huku akipangusa miwani yake, "macho inaona kitu yenye inataka. Mdomo ikisema, sikio inasikia. Sasa hapo mko wawili, hata kama uko pekee yako."

Nilitabasamu kwa adabu. Moyoni nilijisemea kwamba hayo ni mambo ya watu waliojifunza kazi bila vitabu. Nakuambia hili, mwanangu, ili ujue niliwahi kuwa na kiburi, na kwamba kiburi changu kilikuwa na cheti.

Basi asubuhi ile tulipata habari kutoka zahanati moja ya akina mama kule Lemon Gaba. Seva yao, yaani mashine iliyotunza kumbukumbu zote za wajawazito, ilikuwa na diski mbili zenye maandishi yaleyale, ili moja ikifa nyingine ibaki na kila kitu. Sasa moja ilikuwa imekufa. Mwalimu alikuwa anapokea mzigo uliotoka uwanja wa ndege, hivyo akanipa diski mpya, iliyofungwa vizuri ndani ya mfuko wake, na karatasi ya kazi, yeye akabaki na nakala yenye namba za diski zote.

"Ukifika, nipigie. Tusome pamoja."

"Sawa, Mwalimu."

Nilipanda bodaboda nikiwa nimekumbatia ile diski kama mtoto mchanga.

Zahanati ilikuwa imejaa. Akina mama walikaa kwenye mabenchi ukumbini, kadi mikononi, na seva ilikuwa palepale kwenye kona, nyuma ya meza ya Sista Keji, muuguzi mkuu. Mtu alikuwa ameniwekea kikombe cha kahawa ya tangawizi. Kila jicho lilinitazama. Msichana mwenye fulana ya kampuni kubwa, mkoba wa vifaa, kitambulisho shingoni! Mama mmoja alimwambia mwenzake, "Huyu ndiye injinia? Mbona mdogo?" Nikaona aibu kutoa simu na kuanza kuimba namba mbele yao kama mtoto wa chekechea. Sikumpigia Mwalimu.

Karatasi ilisema iliyokufa ni diski namba moja. Taa za kuonyesha ipi nzima na ipi mbovu zilikuwa zimefunikwa na vumbi, nami sikujali kulipangusa. Nilihesabu kutoka kushoto, nikachomoa ya kwanza.

Mwanangu, mashine ile ilianza kuhesabu na sifuri. Mimi, niliyefundishwa chuoni kwa miaka yote ile kwamba mashine huanza na sifuri, nilihesabu kama mtu anayehesabu nyanya sokoni. Nilikuwa nimechomoa diski nzima.

"Injinia," akasema Sista Keji, "skrini yangu imekuwa nyeusi."

Daftari la karatasi walikuwa wameliacha miezi mingi iliyopita. Nani alitokwa na damu nyingi mara ya mwisho, nani ana damu ya kundi gani, nani asipewe dawa ipi: yote yalikuwa ndani ya kipande hicho cha chuma nilichokishika. Na hapa Juba, mtu wa kazi yetu anapokosea, jibu huwa limeshamtangulia mdomoni.

"Ni umeme, Sista," nikasema. "Jenereta imeyumba."

Sista aligeukia dirisha. "Ladu! Ya Ladu! Umefanya nini tena?"

Akaingia mwanamume wa makamo, mikono imejaa oili. Ndiye aliyekuwa akiangalia jenereta. "Sista, wallahi sijaigusa. Sikiliza, inanguruma vizuri tu."

"Mkurugenzi alikuonya. Alisema ikizima tena atatafuta mtu mwingine."

Ladu alinitazama mimi, akatazama kitambulisho changu. Kisha akasema kwa upole, "Kama injinia amesema, basi labda ni kosa langu." Akawageukia akina mama, akaanza kuwaomba radhi, benchi moja baada ya jingine.

Ndipo nilipompigia Mwalimu, nikamwambia umeme umekatika katikati ya kazi. Yeye, akiniamini, akaanza kunipa maelekezo. Weka diski mpya. Washa. Mashine itauliza kama ifute mpangilio wa zamani ijijenge upya kutoka kwenye diski iliyobaki. Jibu ndiyo.

Nikaiweka, nikawasha, na swali likatokea kwenye skrini. Kidole changu kilikuwa juu ya kibonyezo. Diski iliyobaki ndani ilikuwa ile mfu. Nilijua. Ningebonyeza, mashine ingeisahau ile nzima niliyoichomoa, kumbukumbu za wanawake wale wote zingepotea, na ulimwengu mzima ungeamini ni jenereta. Nyuma yangu Ladu alikuwa amefika benchi la tatu. "Samahani, mama. Samahani sana."

"Mwalimu," nikasema, na sauti yangu ilisikika hadi mlangoni, "si umeme. Ni mimi. Nilichomoa bila kusoma."

Opio akauliza, bila hasira hata kidogo: "Umebonyeza kitu?"

"Bado."

"Kalas, imetosha. Basi hakuna mtu amekufa. Toa hiyo mpya. Shika ile ulichomoa. Imba."

"Mwalimu, hapa mbele ya..."

"Imba, binti!"

Nikaweka simu kwenye kipaza sauti, nikaanza. Saba. Na kutoka kwenye simu sauti nzito ikaitikia: saba. Nne. Nne. Tulipofika tarakimu ya tatu, mama mmoja aliyekuwa karibu akaitikia pamoja na simu. Tarakimu ya nne waliitikia watatu. Watu hawa wamezoea kuitikia kanisani, mwanangu. Hawawezi kusikia mtu anaimba peke yake wakamwacha. Hadi mwisho wa namba benchi zima lilikuwa linaimba, na Mwalimu alikuwa anacheka kwenye simu.

"Hiyo ndiyo nzima," akasema. "Rudisha mahali yake. Mashine itauliza kama inaijua. Mwambie inaijua."

Nilirudisha. Mashine iliuliza, nikajibu. Tulisubiri. Sijawahi kuomba Mungu kwa bidii namna ile, na nilikuwa nikiomba huku nikitazama kitaa kidogo kuliko punje ya mtama. Kikawaka kijani. Sista Keji akaandika jina la mama wa kwanza kwenye foleni, na jina likatokea, na chini yake maisha yake yote ya uzazi. Wakapiga vigelegele! Vigelegele kwa ajili ya diski! Kisha tukaimba namba ya ile mbovu, nikaichomoa, nikaweka mpya.

Nilimwendea Ladu mbele ya wote, nikamwomba radhi. Alijifuta oili mikononi taratibu.

"Mimi, mafi muskila, hakuna shida," akasema. "Lakini jenereta umeitukana, na imesikia. Nenda ukaiombe yenyewe."

Nilikwenda, mwanangu. Nilisimama uani na fulana yangu ya kampuni, nikaiomba radhi jenereta, na wajawazito walicheka mpaka Sista akawakataza wasije wakajifungulia kwenye mabenchi.

Siku iliyofuata Mwalimu hakunigombeza. Alinipa fomu, akaniambia niandike kosa langu kwa mkono wangu, lote, na uongo wangu pia. Taarifa ilipelekwa makao makuu, mbali kabisa. Nilingoja barua ya kufukuzwa. Nilipata onyo, ambalo nilistahili, na pamoja nalo ujumbe wa mwanamke nisiyemjua, mwenye kazi kama yangu katika nchi nyingine, akisema yeye pia alihesabu kuanzia moja. Toleo la kitabu cha maelekezo lililofuata lilikuwa na mstari mpya: pangusa taa, hesabu kuanzia sifuri. Hii ndiyo raha ya kampuni kubwa, mwanangu. Ukificha kosa lako, watalirudia watu usiowajua. Ukilisema Lemon Gaba, litamwokoa mtu upande wa pili wa dunia.

Kwa hiyo kesho, pangusa vumbi kwanza. Soma namba kwa sauti hata wakikucheka, kwa maana kazi yetu hutunza maisha ya watu ambao hawataona kamwe tulichofanya ndani ya sanduku. Usimsingizie Ladu yeyote, wala jenereta yake. Na ukikosea, sema kabla hujabonyeza. Wakati huo karibu kila kitu bado kinaweza kurudishwa.

Mungu aibariki mikono yako. Akupe ujasiri wa kusema "ni mimi" mapema, na popote utakapofungua sanduku, akupe watu wa kukuitikia. Mwalimu alikwisha kustaafu, amerudi kwao. Simu ya kesho nitaipokea mimi. Utaanza wewe, nami nitaitikia.