Maji Saba ya Kuosha Mbegu

Kila mvua za Oktoba zikikaribia, mimi huingia duka la agrovet, la mbegu na dawa za shamba, pale Siakago nikiwa nimebana pumzi. Kijana anayeuza hunicheka. Anadhani mimi, mwalimu mzima, naogopa sumu ya panya. Ninachoogopa ni harufu ya mbegu zilizotiwa dawa, harufu kali yenye utamu wa uongo, inayokaa kooni hata ukishatoka nje. Nikiinusa tu, nina umri wa miaka tisa tena, na mikono yangu ina rangi ya waridi hadi viwikoni.

Tuliishi upande wa chini wa Embu, kunakokauka. Baba yetu alikuwa akichuma majani chai juu huko Kibugu, kwenye baridi na umande, akija nyumbani mwisho wa mwezi na sukari na habari za watu wanaovaa makoti mchana. Sisi tulikuwa na jua, mbuzi wanne na mto wa mchanga. Nyumbani tulikuwa watatu: Mama, mimi Wanja, na ndugu yangu mdogo Ireri, wa miaka minne.

Sasa huyu Ireri alikuwa amepewa jina la babu yetu, yule aliyemzaa Mama. Kwetu mtoto akibeba jina la mtu amebeba na heshima yake, kwa hivyo Mama hakumwita Ireri hata siku moja. Alimwita Baba. "Baba, njoo ule." "Baba, hebu nikupanguse kamasi." Na yule mtoto alikichukua cheo chake kwa uzito wote. Alikuwa na kigoda chake ambacho sisi hatukukikalia, alipakuliwa kwanza, na nikimchokoza alinikumbusha kwamba yeye ndiye aliyemzaa mama yangu. Nilimpenda sana, nawaambia, ingawa siku nyingine nilitamani kumzaba kofi mzee huyo.

Mwaka ule mvua zilikataa mara mbili. Zamani mbegu zetu zilitoka shambani kwetu wenyewe. Mahindi bora yalitundikwa juu ya meko, yakakaushwa na moshi mpaka wadudu wakayakimbia. Njaa ikizidi ungeweza kuzila mbegu hizo. Ilikuwa aibu, lakini haikuwa sumu. Msimu ule, hata hivyo, baba yetu alikuwa ameleta mbegu za dukani kutoka mjini Embu, za kwanza kuingia nyumba yetu. Zilikuwa zimepakwa dawa ya waridi, nzuri kama peremende. Mama alizitundika pale pale juu ya meko, akangoja mvua ambayo haikuja.

Majirani walikuwa wameshaanza kuzila zao. Hawakuwa wajinga, walijua kuna dawa. Lakini habari ilitembea kutoka boma hadi boma kwamba ukiosha maji saba, dawa inaisha. Saba, si sita. Sijui nani alihesabu wa kwanza. Mwenye shibe hamjui mwenye njaa, kwa hivyo msituharakishie hukumu. Ireri alikuwa amelia siku mbili, na siku ya tatu akaacha kulia, na hilo ndilo lililomtisha Mama. Asubuhi hiyo akauteremsha mfuko.

"Wanja, mimi naenda kwa Mama Nyaga kuomba kunde kidogo. Wewe osha hii mbegu. Maji saba, umenisikia? Usinidanganye."

"Nimesikia, Mama."

Maji yenyewe nilikuwa nimeyateka mimi. Ulikuwa mwendo wa saa nzima hadi mtoni. Unachimba mchanga mpaka maji yajitokeze, unangoja yatulie, unachota kidogo kidogo, kisha unarudi na mtungi mgongoni, kamba ikikukata paji la uso. Maji ya kwanza ya kuosha yalitoka mekundu. Ya pili yakawa ya waridi. Ya tatu yalikuwa karibu kuwa meupe. Nilitazama mtungi, nikatazama jua, nikajua kwamba yale manne yaliyobaki yangeumaliza na kunirudisha mtoni. Nikaacha. Mama aliporudi aliuliza ni mara ngapi, nikasema saba. Akamimina maji chunguni, akakoka moto.

Githeri, yale mahindi na kunde za kuomba, iliiva alasiri. Ireri alipakuliwa kwanza kama kawaida, na kwa kuwa alikuwa ameteseka, akaongezwa. Mimi nikapata changu. Mama alisema hana njaa, akakwangua chungu. Haukupita muda nikawa natapika nyuma ya zizi. Ireri hakutapika. Mate yalimtoka bila kukoma, na mwili ukamtetemeka kama wa mbuzi aliyenyeshewa. Mama alimfunga mgongoni akatimua mbio kuelekea hospitali, na mimi nyuma yake nikishikilia tumbo.

"Baba, ngoja kidogo," alikuwa akimwambia. "Baba, tumekaribia."

Aliendelea kumwambia hivyo hata baada ya kichwa cha mtoto kulegea. Mimi niliyekuwa nyuma ndiye niliyeona kwanza, na sikusema kitu. Niliogopa kwamba nikisema, itakuwa kweli.

Siku ya mazishi nyanya yetu, aliyemzaa baba, alimsimamisha Mama mbele ya watu wote.

"Hii mbegu ilioshwa na nani?"

"Ni mimi," Mama akasema.

"Mara ngapi?"

"Tatu."

Nilishtuka hadi nikasahau kulia. Nilikuwa nimemwambia saba. Niliona kwamba amenifunika, ingawa sikujua alijuaje. Nilidhani akina mama hujua kila kitu. Kuanzia siku hiyo wakwe walimwita yule aliyemlisha mwanawe sumu. Hawakumwita tena kupika kwenye sherehe za ukoo. Baba yetu alikaa Kibugu miezi mingi bila kushuka. Mama hakujitetea hata mara moja, na mimi sikumtetea. Maji yakimwagika hayazoleki, nilijiambia nilipokua, kana kwamba methali inaweza kumtakasa mtu. Nilikuwa mwoga tu.

Mwaka juzi ndipo nilipomuuliza yule kijana wa agrovet, nikijifanya natania, kama mbegu za dawa zinaweza kuoshwa zikaliwa.

"Mwalimu, hiyo hata uioshe mara ishirini haitoki," alisema. "Dawa inaingia mpaka ndani."

Nilikaa juu ya gunia la mbolea, nikalia mbele ya wateja. Kisha nikaenda moja kwa moja kwa Mama. Amezeeka sasa. Nilimkuta uani anachambua kunde, nikapiga magoti na kumwambia yote: kwamba nilimdanganya, kwamba ilikuwa mara tatu, kwamba hata saba zisingemwokoa Ireri.

Hakuinua macho kutoka kwenye ungo.

"Nilijua kabla sijakoka moto," alisema. "Niliinua huo mtungi nikaona uko na maji mengi, yaliyotoka ni ya mara tatu tu. Ningekurudisha uoshe tena. Lakini mtoto alikuwa amenyamaza, Wanja. Nikasema moyoni, tatu zinatosha."

Nilishika ukingo wa ungo wake.

"Mimi nilifikiri uliniona nikiuinua," akaongeza. "Nimengoja miaka yote hii uniulize kwa nini nilipika."

Utotoni niliamini kwamba Mama alidanganya mbele ya kaburi lile ili anilinde. Kumbe alikuwa akikiri, na hakuna aliyemsikia, hata mimi niliyesimama karibu naye kabisa. Tulikuwa tumekula pamoja, tukasali pamoja, tukazeeka pamoja, mimi nikiogopa asije akajua, na yeye akiogopa kwamba najua.