Kifungu cha Tisa cha Kitabu cha Josho

Tulipohamia kijiji cha ujamaa nje kidogo ya Bunda, kamati ilinikabidhi kitabu cha viwango vya josho, lile shimo la dawa ambamo ng'ombe huogelea ili kupe wafe. Nilijua kusoma, na sokoni Musoma nilifahamika kwa kuhesabu samaki mara mbili kabla ya kukubali bei. Kurasa sitini na mbili. Nilihakikisha.

Nikakisoma kuanzia jalada. Kufika ukurasa wa kumi nilijua unene wa ukuta wa shimo kwa inchi, na la ng'ombe sikujua hata moja. Mikutanoni nilikisoma kwa sauti. Watu walisinzia kwa heshima.

Shangazi yangu, mjane, alikuwa na ng'ombe wanane. Kwetu mjane hatukumpanga foleni na wanaume. Kila siku ya kuogesha wa kwake walitumbukia kwanza, dawa ikiwa imetulia juma zima. Masika yalipokwisha, watano walikuwa wamekufa. Ndigana, homa iletwayo na kupe: matezi ya shingo yamevimba, kupe tele masikioni.

"Mwanangu, hiyo dawa yenu inanichagua mimi tu?"

"Labda kuna jicho la mtu, shangazi."

"Jicho! Si wewe ndio unasomaga? Basi soma."

Safari hii sikusoma mfululizo. Nilipiga mstari chini ya kila "lazima". Penye "inafaa" nikapita. Palipoandikwa "angalia kifungu", nikaenda kweli, badala ya kujiahidi kwenda. "Ng'ombe wanaotangulia: angalia cha 9." Cha tisa kiliitwa Usafi wa Shimo, nilikuwa nimekiruka nikidhani ni cha wafagiaji. Humo, chini ya jedwali, kwa herufi za kukodolea macho: dawa hutuama chini, wanaotangulia huikoroga tu, lazima warudishwe mwishoni waogeshwe upya.

Basi ile heshima yetu ya kumtanguliza ndiyo iliyokuwa ikiwaua. Nikaenda kumwambia.

"Kitabu hicho unacho tangu lini?"

"Tangu tuhamie."

"Na hayo maneno yalikuwamo?"

"Yalikuwamo, shangazi."

Hakunitukana. Angenitukana ningepata pa kuanzia kujitetea.

Siku ya kuogesha, ng'ombe wake wawili walipita mara mbili. Wa tatu alibaki zizini, matezi yameshavimba. Shangazi alimkatia majani mabichi akamwekea puani. Ng'ombe hakufungua mdomo.