Nusu Kilo ya Turubai

Mwanamke huyu alikuwa na jina lake la kuzaliwa, lakini kijiji kizima kilimwita Mama Mizani, naye alishazoea kuitika hivyo hata nyumbani kwake. Mizani yenyewe ilikuwa ya duara, uso wake kama saa ya ukutani, yenye ndoano juu na nyingine chini. Kila Jumatatu ya kwanza ya mwezi aliitundika kwenye boriti ya kibaraza cha ghala la mazao, na akina mama wakapanga foleni na watoto wao wadogo. Mtoto alivalishwa suruali maalumu yenye mikanda mirefu, mikanda ikaingizwa kwenye ndoano ya chini, mtoto akaning'inia akipiga mayowe kama anachinjwa, na mshale ukasema. Mama Mizani alisoma, akaandika kwenye kadi, akatia nukta kwenye mchoro na kuiunganisha na nukta ya mwezi uliopita. Mstari ukipanda, mama wa mtoto alicheka. Ukilala au ukishuka, alikwenda kukaa kwenye benchi la pembeni, akasubiri kuzungumzwa naye.

Kazi iliyomlisha ilikuwa cherehani. Hii nyingine ndiyo iliyomnyoosha mgongo. Miaka kumi na mmoja iliyopita alikuwa mmoja wa wanawake wanne waliofundishwa kwa wiki mbili kwenye kituo cha afya, na kati ya hao wanne ni yeye peke yake aliyekuwa bado anafanya kazi hiyo. Alijua nyumba ipi ina mjamzito kabla mume hajaambiwa. Aliingia jikoni kwa watu bila kubisha, akafunua sufuria, akauliza, "Uji mtupu? Karanga zimekwenda safari?" Watu walicheka, lakini mwezi uliofuata karanga zilikuwemo. Wajawazito aliwaambia wapakue mara ya pili, tena mbele ya mawifi zao, na wasione haya.

Aibu yake ilianzia kwenye kushona, yaani kwenye kile alichokijua kuliko wote.

Suruali za kupimia zilikuwa mbili, za kitambaa chepesi kama cha mwavuli, na zote mbili zilikuwa zimechanika. Aliomba nyingine, akaambiwa asubiri. Akasubiri mvua hadi mvua. Mwisho akapata kipande cha turubai la lori, gumu, la kijani, akakikata kwa kipimo cha zile za zamani, akashona kwa uzi wa mara mbili, na kwenye kila mkanda akatia pete ya chuma ili usiteleze. Zilikuwa suruali za kumwaibisha fundi wa mjini. Akina mama walizishika, wakazivuta, wakasema, "Hizi hata baba yake akiingia zitambeba."

Sasa, mizani ya namna ile ina sharti moja. Kabla ya mtoto wa kwanza, unatundika suruali tupu, unatazama mshale, na kama haujasimama kwenye sifuri unageuza skurubu ndogo juu ya mizani mpaka usimame. Mama Mizani alilijua sharti hilo, na alikuwa ameshalifundisha kwa wengine. Lakini kwa kuwa suruali zilikuwa mbili, alikuwa na mtindo wake wa kuharakisha foleni: mtoto mmoja akining'inia, mwingine anavalishwa. Suruali ilifika kwenye ndoano ikiwa na mtoto ndani, siku zote. Zile za zamani hazikuwa na uzito wa kusumbua mshale. Skurubu alikuwa hajaigusa kwa muda mrefu kiasi kwamba ilikuwa imeota kutu.

Mwezi wa kwanza wa suruali mpya, watoto wote walipanda, hata waliokuwa wamelala mstari mmoja tangu kiangazi. Benchi la pembeni likabaki tupu. Msimamizi wa wilaya alipopitia kadi, alizifungua moja moja na kutikisa kichwa kwa furaha. Kwenye mkutano wa wahudumu alimsimamisha Mama Mizani na kusema, "Mnamwona huyu mama? Mfuateni awafundishe." Alirudi nyumbani akitembea katikati ya barabara.

Katika mwezi huohuo, mke wa fundi baiskeli alipomtoa mtoto wake wa kike kwenye suruali, hakuondoka. Alikuwa binti wa miaka ishirini hivi, mpole, asiyezoea kusema mbele za watu.

"Mama, samahani. Huyu mimi namwona mwepesi."

"Mwepesi vipi? Mstari si huu hapa, umepanda?"

"Nikimfunga mgongoni simsikii kama zamani."

Nyuma yake foleni ilikuwa ndefu na jua lilikuwa kali. Mama Mizani angeweza kutoa utepe wa kupimia mkono wa mtoto, ule wenye rangi ya kijani kwa mtoto mzima, njano kwa anayedhoofu na nyekundu kwa aliye hatarini. Ulikuwa kwenye mfuko wa gauni lake. Lakini utepe unataka muda, na mizani ilikuwa imeshasema.

"Mwanangu," alisema kwa sauti ya kusikika hadi mwisho wa foleni, "tangu lini mgongo wako una mshale?"

Wanawake wakaangua kicheko. Binti naye akacheka kidogo, kama mtu anayelipa ushuru, akamfunga mtoto na kwenda zake. Hakuuliza tena.

Miezi minne ilipita hivyo. Mwezi wa nne, Jumatatu, Mama Mizani aliandika kwenye kadi ya mtoto yule kilo sita na gramu mia tisa, palepale ukingoni mwa rangi ya kijani. Ijumaa yake mtoto akashikwa na kikohozi, binti akampeleka kituo cha afya. Huko walimweka kwenye mizani ya mezani: kilo sita na mia nne. Muuguzi akamzungushia utepe mkononi, ukaishia kwenye njano, karibu kabisa na nyekundu. Akampa dawa ya kikohozi na pakiti za chakula cha lishe, akatazama kadi, akamuuliza binti, "Siku nne, nusu kilo? Nyumbani kuna nini?"

Jumamosi asubuhi mama mkwe wa yule binti aliingia kwa Mama Mizani akiwa ameshika kadi kama hati ya shamba.

"Wewe ndiye shahidi wangu," alisema hata kabla ya kukaa. "Mwandiko wako si huu? Jumatatu sita na mia tisa, Ijumaa sita na mia nne. Mtoto wa miezi kumi na mmoja! Sasa niambie, nusu kilo imekwenda wapi?"

"Pengine alihara."

"Hakuhara. Mtoto halishwi, ndiyo yaliyopo. Mimi niko shambani kutwa, mwanangu yuko kwenye baiskeli za watu, mtoto anabaki na nani? Na nikimuuliza mama yake, ananitolea macho tu. Kesho tunakaa kikao. Mwanangu amrudishe kwao akafundwe upya, mtoto abaki kwangu, nitamlea mwenyewe. Nataka uje useme haya yaliyoandikwa hapa. Hayo tu."

"Nitaangalia," alisema Mama Mizani.

Moyoni aliilaumu mizani ya kituo cha afya. Mgeni alipoondoka, alitoa yake sandukuni ili ajihakikishie, akaitundika kwenye kenchi ya paa, na kwa kuwa hakukuwa na mtoto wa kupima, akatundika suruali tupu.

Mshale ukasogea, ukasimama kwenye nusu kilo.

Aliishusha, akaitundika tena. Nusu kilo. Akatundika ya pili. Nusu kilo na ushee. Alikaa kwenye kiti cha cherehani na mikono mapajani. Alipata aibu ya mtu anayegundua kwamba kutwa nzima alitembea na gauni limechanika nyuma, na kila aliyemsalimu aliliona. Tofauti ni kwamba hapa hakuna aliyeona. Hilo ndilo lililomfanya abaki kimya siku ile nzima.

Alifikiri mambo ambayo baadaye hakupenda hata kuyakumbuka. Angeweza kuigeuza ile skurubu na kunyamaza. Lakini Jumatatu ya kupima ijayo watoto wote ishirini na watatu wangeshuka nusu kilo kwa mara moja, na kila mama angerudi nyumbani kujibu swali lile analoulizwa binti yule. Basi angeweza kupunguza polepole, gramu mia mwezi huu, mia mwezi ujao, mpaka kadi ifanane na mtoto. Alikuwa ameshaanza kupiga hesabu ya miezi mitano aliposhtukia anachokifanya. Ishirini na watatu. Wangapi kati yao walikuwa kwenye njano wakati yeye anawachorea kijani? Hakujua, na hilo la kutojua lilimnyima hata hamu ya kunywa maji.

Jumapili alasiri alikwenda kwa fundi baiskeli. Kikao kilikuwa uani: mama mkwe kwenye kiti, fundi kwenye tairi kuukuu, baba mdogo mmoja aliyeletwa ili idadi itimie, na binti chini kwenye mkeka, mtoto mapajani, macho yakiwa kwenye mikono yake.

"Haya, huyu hapa," alisema mama mkwe. "Karibu, Mama Mizani. Sema."

Alikuwa ameandaa maneno njiani, maneno mazuri, yenye vifaa vilivyochelewa na suruali zilizochanika ndani yake. Yakamkimbia yote.

"Mtoto hakupungua wiki hii," alisema. "Nusu kilo hiyo ni ya suruali niliyoishona mimi. Sikuipima ikiwa tupu. Miezi minne nimekuwa nikiandika uzito wa turubai. Mtoto alianza kubaki nyuma zamani, na mama yake aliniambia."

Fundi alimtazama mkewe, kisha akatazama tairi alilokalia. Baba mdogo alikohoa. Mama mkwe alifungua kadi, akaifunga.

"Kwa hiyo sisi hapa…" alianza. Akanyoosha mikono kuelekea mtoto. "Mlete nimshike, upumzike kidogo."

Binti hakumpa. Alikuwa amemwinulia uso Mama Mizani, na uso huo haukuwa na upole wowote.

"Mwezi wa ngapi nilikwambia?"

"Wa kwanza."

"Ulinijibu nini?"

Mama Mizani alijibu, neno kwa neno, mbele ya watu wale. Safari hii hakuna aliyecheka.

"Nisamehe, mwanangu."

Binti alisimama, akamweka mtoto mgongoni, akafunga kanga vizuri kifuani. "Wenzangu wanajua?"

"Bado. Nimeanzia hapa. Ninapita nyumba kwa nyumba na utepe, niwapime wote."

"Leo?"

"Leo mpaka jua lizame, na kesho."

"Basi twende wote."

"Usihangaike, mwanangu, mtoto bado anakohoa, pumzika—"

"Nyumba ya pili tu, hapo kwa jirani. Yeye ndiye aliyecheka kuliko wote." Alikuwa ameshavaa ndala zake. "Nataka nikusikie. Usije ukapunguza maneno."

Walitoka, binti mbele, Mama Mizani nyuma. Jirani alikuwa anachambua maharage mlangoni, na alipowaona aliinuka kwa bashasha akijifuta mikono kwenye gauni.

"Karibuni, karibuni! Mama Mizani leo kwangu? Mwanangu kapanda kiasi gani tena?"

Mama Mizani alitazama ungo wa maharage, akatazama mlango. Binti alikuwa amejisogeza pembeni, akimpigapiga mtoto mgongoni taratibu.

"Kaa chini kwanza, mama," alisema Mama Mizani, na kuanza tangu mwanzo.