Neno la Shosho Nililolilainisha

Nilipofika mwaka wa tatu chuoni, nikisomea uhusiano wa kimataifa, niliweza kueleza mikataba ya nchi ambazo sijawahi kuzikanyaga. Kuandika kumbukumbu za mkutano sikujua. Hilo nililigundua Nanyuki, nilikopelekwa kufanya mafunzo ya kazi katika ofisi ndogo iliyopatanisha wakulima na wenye ranchi.

Wenzangu darasani walipata nafasi Nairobi. Mimi nilipanga chumba kimoja karibu na soko, bila hata mtu mmoja ninayemjua. Jumamosi ingeweza kupita nzima nisiseme neno ila kwa mama wa mboga. Nilipompigia mama simu, nyumbani Gatitu, aliuliza kama baridi ni kali. Nilisema niko sawa tu.

Kumbukumbu zangu za kwanza zilijaza kurasa saba. Msimamizi wangu, mama asiyependa maneno mengi, alizisoma akiwa amesimama, akanirudishia.

"Nani ameahidi nini, na lini?"

Nikatafuta katika zile kurasa zote. Halikuwemo jibu.

Wiki ya tano alinituma nikatafsiri kwenye kikao cha maji. Ranchi moja ilikuwa imefunga kwa geti njia ya kwenda mtoni, na meneja wake, mgeni kutoka ng'ambo, alikubali kukutana na wanakijiji kanisani. Bibi mmoja mzee, shosho wa kijiji hicho, akasimama.

"Mwambie nataka hiyo geti ifunguliwe. Hiyo maji si yake."

Nikamwambia meneja kwa Kiingereza kwamba shosho anaomba, ikiwezekana, suala la geti lifikiriwe tena. Niliona hiyo ndiyo diplomasia. Meneja akatabasamu.

Shosho hakuketi. "Msichana, ati mimi nilisema naomba?"

Nikaanza kujieleza, akanikatiza.

"Nimepikia wazungu miaka mingi. Kizungu naskia. Sema vile nimesema."

Kanisa zima liligeuka kunitazama. Uso ulinichoma. Nikamwambia meneja kwamba nimekosea, kisha nikayasema maneno ya shosho jinsi yalivyokuwa. Tabasamu lake likatoweka. Akauliza swali lake la kwanza la maana siku hiyo: watu huteka maji saa ngapi? Hadi tunainuka, walikuwa wamekubaliana geti liwe wazi kila asubuhi kuanzia Jumatatu. Kumbukumbu nilizoandika zilitosha kwenye ukurasa mmoja.

Nje, watu waliondoka kwa vikundi, wakicheka na kuitana. Nilibaki nimekumbatia daftari, nikisubiri gari la ofisi. Shosho alinipita, akasita, akarudi.

"Hapa Nanyuki unakaa na nani?"

"Peke yangu, shosho."

Sikuwa nimewahi kulisema hilo kwa sauti. Akanishika mkono, akaushikilia.

"Pole, mami," akasema, kisha akawafuata wenzake waliokuwa wameshaanza kuteremka kuelekea kijijini.