Fremu Moja na Masizi ya Somoe

Moshi wa korosho zinazochomwa ukinifikia, hata niwe harusini, wivu hunipanda kama homa. Usicheke, ndugu yangu. Sikiliza kwanza.

Msimu mmoja mpiga picha alikuja na pikipiki yake kutoka Masasi mjini mpaka kwetu Lupaso. Mama alikuwa na fremu moja tu, na alishatangaza: picha itakayompendeza Bibi ndiyo itakayoingia humo, ikatundikwe ukutani kwake Newala. Niliutaka ukuta ule kuliko chakula. Nikajipaka poda kopo zima, nikavaa viatu vya shule, nikasimama mbele ya kitambaa chenye maua, pumzi nimeibana karibu nife.

Mdogo wangu Somoe alikuwa uani anachoma korosho kwenye bati. Mafuta ya maganda yakalipuka moto, naye akatimua mbio kuja kwetu, uso mweusi tii kwa masizi, kijiti mkononi, meno yote nje kwa kicheko. Mpiga picha, akiwa ameshanipiga yangu, akamgeuzia kamera na kufyatua.

"Mama Hadija, hii nakupa bure!" akamwambia Mama.

Bibi alipokuja kututembelea, akaishika yangu kwanza.

"Huyu aliyesimama kama mlingoti wa bendera ni mtoto wa nani?"

"Ni mimi, Bibi!"

"Wewe, mke mwenzangu? Mbona wamekupaka unga kama makopa ya muhogo?"

Akaigeukia ya Somoe. Alicheka mpaka kitenge kikamlegea. Fremu ikaenda Newala na Somoe ndani yake, nami nikalia machozi ya kujaza visima vyote vya Lisekese. Miaka na miaka kila mgeni wa Bibi alinisalimu, "Wewe ndiye yule wa masizi?"

Ukubwani, kwenye masomo ya usiku, mwalimu wa baiolojia alitueleza kwamba ubongo haushiki kila kitu. Kinachofanana na vingine huuponyoka. Kinachoushtua huung'ang'ania, hasa kikiwa na sura ya mtu. Nikanyoosha mkono: "Mwalimu, na wivu unakaa upande gani?" Darasa nusura livunjike kwa vicheko.

Ndipo nikaelewa kwamba Bibi hakunibagua. Poda ile ilinifananisha na kila msichana aliyewahi kusimama mbele ya kitambaa kile. Linaloniuma ni moja: nikifumba macho kuitafuta siku ile, hata mimi sijioni. Namwona Somoe tu, anakuja mbio, anacheka.