Mbuzi Aliyechinjwa Bila Msichana Kuulizwa

Mimi ni matroni wa bweni la wasichana katika chuo kikuu hapa Kitui. Najua mtu wa majivuno hapendwi, lakini leo nitajivuna, na wa kununa anune.

Wasichana huniita Mathe nikiwa mbele yao, na Askari nikiwapa mgongo. Wanafikiri sisikii. Sababu ni kitabu changu cha geti. Anayetoka anaandika saa, anayerudi anaandika saa, na mimi pembeni naongeza langu: "Huyu amesema anaenda kanisani, lakini hizo nguo si za kanisa." Mkuu wa wanafunzi aliwahi kuniambia nipunguze maneno. Sikupunguza.

Basi katikati ya mitihani, msichana wa mwaka wa tatu akagonga mlango wangu. Alikuwa anasomea ualimu wa hesabu, mtoto wa upande wa Mutomo, mpole hata unasahau kama yupo. Nikamwambia aketi, akakataa.

"Mwaitu," akaniita, yaani mama kwa Kikamba chetu, "nimeolewa."

Nikacheka. "Umeolewa lini, na jana ulikuwa hapa nje unaanika soksi?"

Hakucheka. Dada yake mdogo alikuwa amempigia simu kwa siri. Kuna mwanamume wa kule Kambu, mwenye duka la mabati na misumari, aliyefiwa na mkewe. Alikuwa amempelekea baba yao mbuzi wa ntheo. Kwetu Wakamba ntheo ndiyo ndoa yenyewe. Gauni unaweza kukosa, pete unaweza kukosa, lakini mbuzi hao wakipokewa na mmoja akachinjwa, basi wewe ni mke wa mtu. Na wao walikuwa wamechinja Jumamosi iliyopita. Siku ya Ijumaa wangekuja kumchukua, mitihani imalizike isimalizike.

Sasa sikia upuuzi niliosema. "Nenda nyumbani uongee na baba yako polepole. Mzazi ni mzazi." Mimi huyo! Mimi niliyetolewa shule kidato cha pili, nikapelekwa kwa mwanamume ambaye hata jina lake nililisikia siku hiyo hiyo.

Akaniangalia. "Nikienda, mwaitu, sitarudi."

Niliona haya mpaka masikio yakanichoma. Nikavaa viatu, nikamshika mkono, tukaenda kwa mkuu wa wanafunzi.

Mkuu hakuuliza maswali ya kumchosha. Alimwita wakili wa ofisi ya msaada wa kisheria ya chuo, mwanamke kijana mwembamba ambaye ungedhani upepo wa kule Zombe utamwangusha. Aiya, lakini mdomo! Alisema ndoa isiyo na hiari ya wote wawili si ndoa kwa sheria ya Kenya, iwe ya kanisani, ya msikitini au ya mila. Akasema kumlazimisha mtu kuolewa ni dhuluma ya nyumbani, hata anayelazimisha akiwa baba mzazi, na mahakama inaweza kutoa amri ya kumlinda. Nilikuwa nimekaa pale kama mwanafunzi. Miaka yote hiyo nilidhani sheria ni ya wezi na mashamba.

Wakili akapeleka ombi mahakamani. Yule msichana akahamishiwa chumba kilicho karibu na changu, na asubuhi yake akaenda kufanya mtihani kama kawaida.

Ijumaa wakaja kweli. Baba yake, baba yake mdogo, na huyo mtu wa Kambu akiwa amevaa koti safi. Nikasimama getini.

"Mama, tumekuja kumchukua mtoto wetu," baba akasema.

"Mzee, karibuni. Lakini hapa mwanamume haingii hata akiwa malaika."

"Huyu ni mke wa mtu. Mbuzi amechinjwa."

"Aliulizwa?" nikasema. Maana kwetu, kule nilikolelewa, kisu hakishikwi kabla msichana hajaitwa mbele ya wazee akaulizwa kama anawajua hao wageni, na kama mbuzi achinjwe. Mimi ndiye niliyenyimwa swali hilo, kwa hivyo nalijua vizuri kuliko walioulizwa.

Baba akatazama chini. Ndugu yake ndiye aliyeruka: "Aliulizwa! Jumamosi, nyumbani, mbele yetu sote! Akasema chinjeni!"

Ningemjibu palepale, kitabu kilikuwa mezani. Lakini wakili alikuwa amenionya: wakisema neno, liache likae. Nikauma ulimi. Hiyo ndiyo kazi ngumu kuliko zote nilizofanya wiki hiyo. Waliposikia kuna ombi mahakamani, wakaondoka wakininung'unikia.

Jumatano iliyofuata tukawa mbele ya hakimu, mama mmoja wa miwani asiyetabasamu. Yule baba mdogo akaapa, na akarudia yaleyale: Jumamosi, nyumbani, aliulizwa, akakubali. Wakili akatoa karatasi ya mahudhurio ya mtihani wa Jumamosi hiyo asubuhi. Kisha akatoa kitabu changu, na hakimu akasoma kwa sauti, neno kwa neno, licha ya mwandiko wangu ule wa kuku:

"Jumamosi. Amerudi kutoka mtihani saa sita. Hajatoka geti tena mpaka usiku. Ana kikohozi. Nimempa asali na ndimu. Hapendi ndimu, lakini amekunywa."

Watu wakacheka. Hata karani alijificha nyuma ya faili. Mimi sikucheka. Nilikaa wima nikiwa nimevimba kichwa, maana kitabu changu cha umbea kilikuwa kimesomwa mahakamani.

Mtu wa Kambu akasimama kabla hajaitwa. "Mheshimiwa, mimi niliambiwa amekubali," akasema, na jasho linamtoka. "Nina mabinti. Mbuzi hao siwataki tena." Simsifu, kwa sababu yeye pia hakuwahi kumpigia msichana hata simu. Lakini alisema.

Hakimu akamgeukia msichana. "Wewe unataka nini?"

Nikamwombea kimoyomoyo, maana huyu ni yule wa kusahaulika. Akasimama, akashika mbao za mbele yake.

"Nataka kumaliza kusoma," akasema, na sauti ikafika mpaka mlangoni. "Nikiolewa, niolewe na nimtakaye. Na sitaki baba yangu afungwe. Nataka Krismasi niende nyumbani nilale bila kuogopa."

Ngai wangu! Sijazaa binti, Mungu alinipa wavulana tu, lakini siku hiyo nilijua mama wa binti anavyojisikia.

Amri ikatolewa: asichukuliwe, asitishwe, asizuiwe kusoma, na ndugu za baba wasikaribie chuo. Hakimu akamuuliza baba kama ameelewa. Akasema ameelewa. Halafu akabaki amesimama, kofia mkononi, mzee mrefu wa mashambani ambaye watu wote wamemsikia binti yake akisema anamwogopa.

"Naweza kumuuliza jambo moja?" akasema.

Wakili akataka kukataa. Msichana akatikisa kichwa kukubali.

Baba akamtazama usoni. "Umebakisha mitihani mingapi?"

"Miwili, baba. Wa kwanza ni leo saa nane."

Akaitazama saa ya ukutani, na sisi sote tukaitazama. Ilikuwa inakaribia saa saba. Akasogea kando, akamwachia njia.

"Basi unangoja nini hapa?" akasema. "Nenda."