Chungu Chenye Miwani

Mwalimu wa sanaa wa darasa la pili huingia na ndoo ya udongo wa bondeni, mikono ya sweta ameikunja hadi viwikoni, hata asubuhi ambazo baridi ya Sumbawanga huwafanya wenzake wafundishe wamejikunyata. Neno "umekosea" halimtoki. Mtoto akimletea ng'ombe wa miguu mitatu, huuliza kwa upole, "Wa nne umeenda wapi?" na jibu hulisubiri kwa dhati. Vidole vyake havijui kutulia. Yeye akiongea, vyenyewe vinafinyanga. Ndivyo vilivyomponza Alhamisi moja. Watoto wakiwa wameinamia mifugo yao, vidole vikaumba mtu mfupi mwenye tumbo kubwa na miwani, na darasa zima likamtambua kabla mwalimu mwenyewe hajamtambua. Vicheko vikamleta Mwalimu Mkuu mlangoni.

"Hiki nini?" akauliza, akikielekezea kidole.

Mwalimu wa sanaa akafungua mdomo kujibu. Albina, wa dawati la mbele, akamwahi. "Chungu, mwalimu."

"Chungu chenye miwani?"

"Ni cha zamani, mwalimu. Hakioni vizuri."

Mwalimu Mkuu akakiinua kwa mikono miwili, akakigeuza taratibu, akakirudisha mezani. Akavua miwani yake, akaifuta, akaivaa tena. "Kikikauka kiletwe ofisini kwangu," akasema. Alipofika mlangoni akageuka. "Ila tumbo mmezidisha."

Mwalimu wa sanaa hakuinua uso. Dole gumba lake lilikuwa limeshaanza kulipunguza.